Hafla ya Kumuaga Mwizi wa Viti

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nimeishi huko, nimepika chai huko, na mshahara wa huko nimeula, ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba haipo. Kwa hiyo asitokee mtu hapa akaanza kujikuna na kuuliza, "Huyu ananisema mimi?" Hapana, ndugu yangu. Wewe upo. Nchi ndiyo haipo. Tulia usikilize.

Basi, katika nchi hiyo kazi kubwa ya serikali ni kukaa. Nchi nyingine wanajenga madaraja, wanachimba visima, kule wanakaa. Asubuhi wanakaa kupanga watakaa saa ngapi mchana. Mchana wanakaa kupokea taarifa ya kikao cha asubuhi. Na kwa kuwa kukaa ni kazi nzito, mtu hawezi kuifanyia chini kwenye vumbi kama anachambua mchicha. Ndiyo maana kulikuwa na ofisi nzima inayoitwa Mamlaka ya Taifa ya Viti, na humo ndimo nilimokuwa nachemsha chai. Sheria yao ilikuwa wazi: jambo lililoamuliwa watu wakiwa wamesimama si uamuzi, ni maongezi.

Viti vyenyewe vilikuwa vya plastiki, rangi ya bluu, na kila kimoja kilikuwa na nembo ya taifa, yaani kuku aliyeatamia mayai. Zamani nembo ilikuwa juu, pale pa kukalia. Bunge likachachamaa kwamba kumkalia kuku wa taifa ni uhaini. Wakaihamishia chini ya kiti, kwenye tumbo la plastiki, na tangu hapo inaheshimiwa sana, maana hakuna anayeiona.

Mkurugenzi wa Mamlaka alikuwa Bwana Athanas Kidumbuyo, mtu mrefu, mpole, anayevaa tai hata akienda kununua dagaa. Si mtu mbaya. Ila mwaka huo alianza kukonda. Jubilei ya nchi ilikuwa inakaribia, Mkuu wa Nchi angekuja uwanjani na wageni wake, na agizo likashuka kutoka juu kwa njia ya simu. Nilikuwa natua birika mezani, nikasikia sauti ikitoka kwenye simu kama ya mtu aliye mle chumbani.

"Kidumbuyo! Siku ile Mkuu wa Nchi akikosa pa kukaa, na wewe huna pa kukaa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa," akajibu. Chai yake ikapoa mpaka ikafanya utando.

Sababu ya kukosa raha ni moja tu. Viti vilikuwa vinaisha.

*

Mtunza stoo aliitwa Ngwali Shomvi. Ukikutana naye asubuhi umechelewa kazini, maana salamu yake inaanzia kwako, inapita kwa watoto, inawafikia kuku na mbuzi, ndiyo inarudi. Hakuna aliyemchukia. Mkurugenzi akamwendea stoo mwenyewe.

"Ngwali, viti viko wapi?"

"Vipo, Bosi."

"Vipo wapi? Mimi naona ukuta."

"Na ukuta nao upo, Bosi, tumshukuru Mungu. Viti vimetoka kidogo."

"Vimetoka kwenda wapi?"

Ngwali akainamisha kichwa kama mtu anayetoa habari ya msiba. "Sikutaka kukutia presha, Bosi. Ni mchwa."

"Mchwa wanakula plastiki?"

"Ndipo ujue njaa imezidi nchini."

Hapo Mkurugenzi akageuka haraka kutazama kama kuna anayesikiliza. Kusema kuna njaa nchini ilikuwa kosa, na kusema hakuna njaa ilikuwa kazi ya Waziri, haimhusu mkurugenzi. Akaona njia salama ni kuunda tume ya mchwa. Tume ikaenda kukaa kwenye hoteli kando ya ziwa, mahali pasipo na mchwa hata mmoja, ili isije ikashawishiwa nao. Iliporudi, wajumbe wamenenepa na ngozi zimeng'aa, taarifa yao ikasema kwamba mchwa waliohojiwa hawakutoa ushirikiano, na kwamba baadhi yao walionyesha kiburi.

Wakati huo huo, hapo mjini, ukienda harusini unakalia kiti cha bluu. Ukienda msibani, kiti cha bluu. Kipaimara, ngoma, arobaini, kikao cha ukoo kugombea shamba: bluu tupu. Vyote vinakodishwa na Bi. Siwatu, mwanamke mmoja mnene mwenye sauti, aliyeandika ukutani kwake "Siwatu Shughuli Zote: Viti, Maturubai, Masufuria". Bi. Siwatu ni mke wa Ngwali. Siku moja dereva wa Mamlaka akathubutu kuuliza.

"Ngwali kaka yangu, mbona viti vya shemeji vinafanana sana na vyetu?"

"Plastiki ni plastiki, mdogo wangu," Ngwali akamwambia bila kukasirika. "Ndoo ya kwenu na ndoo ya jirani si zinafanana? Umeshampeleka jirani polisi?"

Dereva akafikiri, akaona kweli, hajampeleka.

Kilichomponza Ngwali ni jua. Adhuhuri moja, jua la kukaanga samaki, Mkurugenzi anatoka getini akamkuta Ngwali naye anatoka, kiti kakibeba kichwani, miguu minne juu.

"Ngwali! Unakwenda wapi na kiti?"

"Najikinga mvua, Bosi."

Mkurugenzi akatazama mbinguni. Hata wingu hakuna. "Mvua iko wapi?"

Ngwali akajishika mabega, akajipapasa. "Umeona, Bosi? Sijalowa hata kidogo. Hiki ndicho kiti cha serikali."

Hiyo ndiyo siku Mkurugenzi alipoamua. Akarudi ofisini, tai imelegea, akasema mbele yetu sote, "Wizi naweza kuuvumilia, mimi ni mtumishi wa siku nyingi. Lakini wizi na uongo kwa pamoja! Anafukuzwa."

*

Afisa Utumishi, Bi. Generoza Mtitu, mama mwembamba aliyezijua sheria kama mwingine anavyojua majina ya wanawe, akamzuia mlangoni.

"Mkuu, umelisema hilo umesimama."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hujalisema. Kamati ya Nidhamu lazima ikae."

"Basi ikae!"

"Ikae wapi, Mkuu?"

Kweli, ikae wapi? Hata kiti chake Mkurugenzi, kile cha kuzunguka, kilikuwa kimepelekwa kutengenezwa, na aliyekipeleka ni nani? Wakazunguka ofisi nzima wakitafuta pa kuweka makalio. Mwisho wakaja jikoni kwangu. Wakachukua masufuria yote, wakayapindua, wakayapanga ukumbini. Mkurugenzi akapewa sufuria ya pilau kwa cheo chake. Wajumbe wadogo wakakalia zile za maharage. Mimi nikabaki na birika tu, nimesimama mlangoni, chai siwezi kupika na kuondoka siwezi, maana mfuniko wangu mmoja ulikuwa chini ya mhasibu.

"Je, sufuria ni kiti?" mjumbe mmoja akauliza. Wakabishana hapo muda mrefu, jasho linawatoka, mpaka Bi. Generoza akasema sheria inataja "chombo chenye uso wa kukalia", na kama mjumbe anadai sufuria yake haina uso, atazame vizuri, imeng'arishwa, atajiona humo.

Ngwali akaitwa. Akaingia na kigoda chake mkononi, akakiweka, akakaa. "Nimekuja na changu, wakubwa zangu, nisiwasumbue."

Akasomewa shitaka: wizi wa mali ya umma na kukosa uaminifu kazini. Akaulizwa ana la kusema.

"La kusema sina. Nawaonea huruma tu. Hizo sufuria zitawaacha na alama."

Akafukuzwa kwa kura zote. Yeye mwenyewe alipiga makofi, kwa adabu. Kisha akauliza kitu ambacho wote walikuwa wamekisahau.

"Ahsanteni sana, wakubwa. Sasa, hafla yangu ni lini?"

Mkurugenzi akashika kichwa.

Hapa lazima nieleze, maana mgeni wa nchi ile hawezi kuelewa. Kule mtu haondoki kazini mpaka aagwe. Awe amestaafu, amehamishwa, au amefukuzwa, ni lazima hafla, keki, kitenge cha sare, mgeni rasmi na zawadi. Inasemekana zamani waziri mmoja aliachishwa kazi akasahauliwa kuagwa. Akaendelea kuja ofisini kila siku, anasaini, anafoka, anafungua semina. Wakawa mawaziri wawili kwenye meza moja, na mambo yalikwenda vizuri kuliko zamani, kwa hiyo Bunge likaogopa likatunga Sheria ya Kuagana. Na kifungu chake kikali kuliko vyote kinasema hivi: kwenye hafla ya kuaga, mtu asemwe kwa mema tu. Atakayetoa neno baya juu ya anayeagwa amenajisi shughuli, na hafla yote ni batili.

*

Kamati ya maandalizi ikaundwa. Watu ambao hawakuwahi kumaliza kazi hata moja ofisini wakawa hawalali. Wakachagua kitenge cha kunguru na mananasi. Wakabishania ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma: abebe karoti mdomoni au tango? Mwenyekiti alitaka karoti, katibu akatishia kujiuzulu, ndafu akabebeshwa vyote viwili. Ngwali naye alichangia, tena kabla ya wote, akawa anawahimiza wengine: "Jamani, toeni, shughuli ni yetu sote."

Wakafika kwenye viti. Mwishowe wakamtuma Bi. Generoza kwenda kukodi, akanichukua mimi nimsaidie kubeba. Mjini mwenye viti vya kutosha alikuwa mmoja.

Tulimkuta Bi. Siwatu barazani kwake anajipepea.

"Karibuni. Shughuli ya nani?"

Bi. Generoza akakohoa. "Ya mumeo, Bi. Siwatu."

"Ya nini tena?"

"Tunamfukuza. Kwa... kwa wizi wa viti."

"Mungu awatangulie," Bi. Siwatu akasema. "Mnataka viti vingapi?"

"Vya kutosha ukumbi mzima."

"Vipo. Ila mnirudishie vyote, tena msivikwaruze. Watu siku hizi, dada yangu, hawana uaminifu kabisa. Nitakuja mwenyewe kusimama getini."

*

Siku ya hafla ukumbi ulipendeza, jamani. Maputo, vitambaa, viti vya bluu safu kwa safu, vimefungwa riboni. Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Mikao na Vikao, Mheshimiwa Kasiani Mbwambala. Alichelewa kwa kiwango kinachostahili waziri, akaingia kwa ngoma, akaketi, na sote tukaketi. Kule mgeni rasmi akishaketi, hakuna ruhusa ya kuinuka mpaka ainuke yeye. Hata ukishikwa na haja, unashikwa hapo hapo.

Bi. Generoza akasimama kwenye kipaza sauti, yeye tu na Mkurugenzi ndio waliopewa ruhusa. Alitakiwa kueleza kwa nini mtu anafukuzwa, na alitakiwa kumsifu tu. Nikamwonea huruma.

"Ndugu Ngwali," akasema, "ni mtu aliyeipenda kazi yake mpaka akawa anaondoka nayo nyumbani."

Makofi.

"Alikuwa na nguvu za ajabu. Mali ya ofisi hakuiacha ikae bure stoo kupata vumbi."

Makofi, vigelegele. Ngwali akapangusa machozi kwa ncha ya kitenge.

Wakati huo Mkurugenzi, kule meza kuu, alikuwa amening'iniza mkono chini ya kiti chake bila kufikiri, kama mtu anavyofanya akichoka na hotuba. Nikaona uso wake unabadilika. Kidole chake kilikuwa kimemgusa kuku. Akapapasa tena. Mkia, mgongo, mayai. Akamnong'oneza mhasibu, mhasibu akapeleka mkono chini, macho yakamtoka. Mhasibu kwa dereva, dereva kwa karani. Muda si muda ukumbi mzima mkono mmoja uko mapajani na mwingine uko chini ya kiti, watu wanapapasa kuku.

Ushahidi wote ulikuwa pale, tumeukalia. Kugeuza kiti kimoja tu, kwisha kazi! Lakini nani ainuke, mgeni rasmi ameketi?

Waziri akawaona. Kwa kuwa waziri hapitwi na desturi yoyote, naye akapeleka mkono chini. "Hm," akasema. "Kuna kitu hapa. Kidumbuyo, hiki nini?"

Nilimwona Mkurugenzi akipata uhai, kama taa iliyotiwa mafuta. Akakimbilia kipaza sauti. Kumbe njia ipo! Asimseme Ngwali vibaya, amsifu, lakini asifu kwa namna ambayo hata mtoto ataelewa.

"Mheshimiwa Waziri! Hiyo ni nembo ya taifa. Viti hivi ni vya serikali. Na tumevikodi leo kutoka kwa mke wake ndugu yetu Ngwali!" Akamkonyeza Waziri. Waziri akamtazama tu. Akaongeza sauti. "Ndugu Ngwali ameibeba nembo ya taifa kwa mikono yake mwenyewe! Ameifikisha harusini! Ameifikisha msibani! Kwenye ngoma za watoto, Mheshimiwa! Mahali ambako serikali haijawahi kukanyaga, ndugu yetu amefika, na kila kiti kina mapato!"

Akakonyeza tena, kwa jicho lote.

Waziri akainuka taratibu. Nasi tukainuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Nimekaa serikalini tangu ujana wangu," akasema. "Kila siku tunaimba, tuipeleke serikali kwa wananchi, tuipeleke serikali kwa wananchi. Nani kaipeleka? Mimi sijaipeleka. Wewe, Kidumbuyo, umeipeleka? Kumbe kuna mtu kaipeleka, kimya kimya, kichwani! Na nyie mnamfukuza?"

"Mheshimiwa, naomba nifafanue..."

"Unataka kusema neno baya kwenye hafla?"

Mkurugenzi akaachia kipaza sauti.

"Jubilei iko mlangoni. Kidumbuyo, stoo una viti vingapi?"

"Mheshimiwa, stoo kuna ukuta."

"Na wewe, Ngwali?"

"Vipo vya kutosha, Mheshimiwa. Na maturubai."

"Basi," Waziri akaketi kidogo ili liwe uamuzi, "kuanzia sasa Mkurugenzi ni wewe." Akainuka tena.

Vigelegele vilipasua paa. Lakini Bi. Generoza, maskini, sheria zinamwasha mwilini, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani. Hafla imeshafanyika. Ndafu ameshaliwa. Kisheria ni lazima pawe na aliyeagwa."

Waziri akatazama huku na huku. Akamtazama Kidumbuyo. Na sisi wote tukamtazama Kidumbuyo.

Mshereheshaji akachukua kisu, akakwangua jina kwenye keki.

*

Hakuna aliyekuwa amemwandalia sifa. Mtu mmoja akasema ana shingo nzuri ya tai. Mwingine akasema hakuwahi kumuudhi, maana hawajawahi kukutana. Ngwali ndiye aliyesema maneno mengi na mazuri, na naamini alisema kwa moyo, akambusu bosi wake wa zamani mashavu yote mawili.

Watu walipoanza kucheza, Kidumbuyo akakipindua kiti chake, akamtazama yule kuku kwa macho yake mwenyewe, akakikumbatia, akaelekea getini. Nilimfuata na sahani ya ubwabwa, maana alikuwa hajala.

"Unakwenda wapi nacho, Bosi?"

"Kwa Mkuu wa Nchi, binti. Kesho asubuhi. Nitakipindua mbele yake. Yeye ana macho."

Hakufika hata barabarani. Bi. Siwatu alikuwa getini, kama alivyoahidi.

"We baba! Kiti changu hicho unakipeleka wapi?"

"Si chako! Hiki ni mali ya serikali! Tazama!" Na akakipindua juu kwa mikono miwili, kila mtu aone nembo.

Bi. Siwatu akaona, akajishika kiuno, akapaza sauti yake yote. "Jamani, njooni! Mkurugenzi mzima anatoroka na mali ya serikali! Na anakiri mwenyewe!"

Watu wakajaa. Mlinzi akashika mguu mmoja wa kiti, mhasibu akashika wa pili. Ngwali akafika akihema, cheo kipya kimemkaa vizuri, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Bosi, hata wewe? Si ungeniambia tu una shida, kaka yangu?"

Wizi, mchana kweupe, mbele ya Waziri. Lazima afukuzwe. Kila mtu alikubali. Ila Bi. Generoza akasema huwezi kumfukuza mtu ambaye hayupo kazini. Ameshaagwa huyu, keki imeshaliwa. Kwanza aajiriwe. Ndivyo ilivyokuwa: Kidumbuyo akaajiriwa upya pale pale getini, Bi. Generoza amekalia kiti kile kile ili uwe uamuzi, ili kamati ya nidhamu ipate kukaa imfukuze.

Na kukaa kunahitaji viti. Masufuria nilikataa kuyatoa safari hii, nikasema yana maharage. Viti vya bluu ni vya kukodi, na Bi. Siwatu anataka malipo kwanza kabla ya kuvitoa, serikali au si serikali. Malipo lazima yaidhinishwe na kikao. Kikao hakina viti.

Jubilei ilifanyika, ikafana. Mkuu wa Nchi alikaa, akakipenda kiti, akaondoka nacho, na hakuna aliyemuuliza chochote.

Bwana Kidumbuyo amewekewa meza karibu na jiko langu. Anakuja saa mbili, anakaa juu ya gunia la mkaa, anasubiri kufukuzwa. Mwanzoni alikuwa ananyong'onyea. Siku hizi amenenepa, chai anamaliza, na tai ameacha kuvaa. Juzi nilimuuliza kama hana wasiwasi na kesi yake.

"Wasiwasi wa nini, binti yangu?" akaniambia. "Kila mtu humu ndani anaweza kupoteza kazi leo hii. Mimi ndiyo kwanza nasubiri kikao. Hebu niongeze sukari."